Kila Mteja na Mlango Wake

Domi, rafiki yangu,

Ofisi bado ipo. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata hujaniuliza kama ninakula. Ipo palepale Ngara mjini, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na ngazi zetu bado zinateleza mvua ikinyesha. Mwenye nyumba amesema ataweka saruji. Ungekuwepo ungecheka.

Mwaka umeisha tangu tukuzike Murukulazo. Watu huniambia nikuombee, na ninakuombea. Ila kukuombea na kukusimulia ni mambo mawili. Kukuombea, padri anajua kuliko mimi. Kukusimulia ya ofisini, nani mwingine ataweza? Leo ni Jumamosi mchana, barabarani kumetulia, chai iko mezani. Basi nisikilize.

Unakumbuka tulivyoanza? Wewe ulikuwa na mkono wa kuchora herufi, mimi nilikuwa na mdomo. Tuliandika mabango ya saluni, ya wauza mbao, ya nyumba za kulala wageni za njia ya Rusumo. Siku moja mzee mmoja alikuwa anapanda ngazi kuja kuagiza bango la duka lake, na bango la jirani yake, mshindani wake, lilikuwa limeegemezwa pale, rangi bado mbichi. Kabla hajafika mlangoni ukaligeuza likatazama ukuta. Kazi ya asubuhi nzima ikaharibika. Nilikufokea mzee alipoondoka, na wewe, ukiwa unasugua rangi ya kijani kwenye vidole, ukaniambia: "Pepe, mtu akituletea maneno yake ni kama ametuachia mtoto. Hatumwonyeshi kila mpita njia."

Ulikuwa hivyo hata mambo yalipohamia mtandaoni. Wateja walitaka tuwafungulie kurasa kwa namba zetu, maneno ya siri tuyashike sisi, wao walete picha tu. Ulikataa. Ulienda Nemba kwa bodaboda, kwa akina mama wa kikundi cha asali, ukakaa nao hadi mwenyekiti wao akaweza kufungua ukurasa kwa simu yake mwenyewe na kutupa sisi ruhusa ya kuandika. "Nyumba ni yao," ulisema. "Sisi ni wageni waliokaribishwa."

Wiki tuliyokuzika ndipo maneno hayo yaliponifikia. Mama yako aliizima simu yako, akaifunga kwenye kitenge, hakutaka mtu aiguse. Fikiria kama kurasa za wateja wote zingekuwa mle ndani. Ningepiga magoti mbele ya mama aliyefiwa nimwombe simu ya mwanaye ili watu waendelee kutangaza asali. Sikulazimika. Kila mtu alikuwa na ufunguo wake. Nilichofanya ni kuwaomba, mmoja mmoja, waliondoe jina lako kwenye orodha ya wenye ruhusa.

Domi, hilo lilikuwa gumu kuliko kaburini. Mwenyekiti wa Nemba alinipigia. Akasema, "Mwanangu, simu imeniuliza kama nina uhakika nataka kumwondoa. Nijibu nini?" Nikamwambia ajibu ndiyo. Hakukata simu, na mimi sikukata. Nilisikia kuku wa nyumbani kwake.

Baada ya hapo kazi ikanizidi. Vichwa vilivyokuwa viwili vilibaki kimoja. Ndipo nikampata Yusufu. Humjui, ila ungempenda. Ni wa Biharamulo, alikuwa kwenye duka la uchapaji kule, ana mke na mapacha, na anaswali kwa wakati hata kama mteja amesimama mlangoni anahema. Yeye ndiye aliyeleta ofisini msaidizi wa akili mnemba. Ni programu, unaiandikia kama unavyomwandikia mtu, nayo inakuandikia tangazo, inalitafsiri kwa Kinyarwanda kwa ajili ya madereva wa upande wa pili, inamjibu anayeuliza duka linafunguliwa saa ngapi. Siku ya kwanza nilifurahi, halafu nikaona uchungu, maana iliandika kwa kufumba na kufumbua tangazo ambalo mimi na wewe tungeligombania tangu asubuhi hadi njaa itupatanishe.

Sasa kumbuka wateja wetu wawili wa Rusumo. Mzee Gervasi, mteja wetu mkubwa kuliko wote, na Mama Zuhura, yule wa Biharamulo aliyehamia mpakani. Wote ni mawakala wa forodha, wote wanawatolea watu mizigo mpakani, na milango ya ofisi zao inatazamana. Bado wanasalimiana kwa adabu na kuchunguzana kwa macho. Mama Zuhura alikuwa amenieleza jambo lake la siri. Alitaka kuwahudumia wakulima wadogo, wale ambao magunia yao hayajazi hata robo ya lori, awakusanye, mizigo yao ivuke pamoja. Aliniomba tuandae tangazo kimyakimya.

Yusufu alikuwa amemlisha msaidizi habari za wateja wote mahali pamoja. Ilikuwa rahisi hivyo, na hakuna aliyekuwa amemwambia vinginevyo. Mchana mmoja akaomba tangazo la Mzee Gervasi. Likaja zuri, na katikati yake kulikuwa na sentensi hii: "Mkulima, hata magunia yako machache yanavuka nasi."

Yusufu akasema, "Dada, hii ni kali!"

Yalikuwa maneno ya Mama Zuhura, kama alivyonitamkia akiwa ameketi mbele yangu.

Mashine haikuiba, Domi. Tulimimina kila kitu kwenye chungu kimoja, yenyewe ikachota. Tangazo lile halikutoka nje ya kompyuta, tulilifuta. Nikamsimulia Yusufu habari za bango na rangi ya kijani. Alisikiliza, kisha akasema, "Kumbe hata hii inatakiwa kugeuzwa itazame ukuta."

Tukaanza upya. Sasa kila mteja ana chumba chake humo ndani ya kompyuta. Msaidizi anayemwandikia Mzee Gervasi hajawahi kuona hata mstari wa Mama Zuhura, na wa Nemba hajui kama kuna mahali panapoitwa Rusumo. Siri ambayo tangazo haliihitaji hatuiweki kabisa. Maneno ya siri ya wateja hatuyaandiki mle, hata kwa haraka, hata kwa mara moja tu. Msaidizi anaandika rasimu, basi. Hana ufunguo wa kulitoa tangazo nje. Lazima mimi au Yusufu tulisome kwanza, na ukitaka kuingia kwenye kazi ya mteja, simu yako lazima ikupe namba ya kuthibitisha kwamba ni wewe. Na mtu akiacha kazi kwetu, ruhusa zake zinaondoka siku hiyohiyo, kabla hatujamaliza soda ya kumuaga. Yusufu alilalamika kwamba nimemrudisha enzi za rangi na brashi. Nikamwambia asante.

Halafu akaja Mzee Gervasi.

Alikuja mwenyewe kutoka Rusumo, akapanda ngazi polepole, akaketi bila kukaribishwa. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba akiwa anaangalia kompyuta. Unajua anavyoongea, Kihangaza chake hakimwachii herufi l hata moja.

"Perpetua binti yangu, nimesikia mna mashine inayojua mambo ya wateja wote."

Nikamwambia tuna wasaidizi, ndiyo.

"Basi iurize tu. Zuhura anapanga nini? Namwona anapokea wakurima, anacheka nao. Wewe usiseme kitu. Mashine ndiyo iseme. Hapo wewe huna dhambi."

Domi, nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikamwambia, "Mzee, mashine inayokuhudumia wewe haimjui Mama Zuhura. Hata nikiiuliza mpaka jioni haina cha kukuambia."

"Na wewe?"

"Mimi namjua. Ila sitasema."

Akasema mwisho wa mwezi atatafuta watu wengine, Mwanza huko, wasio na maringo. "Rakini usije ukasema sikukuambia," akamalizia, na ngazi zikamshusha.

Nilibaki nimekaa. Yule ndiye aliyekuwa analipia sehemu kubwa ya ofisi hii, wewe unajua. Nilimtazama Yusufu, nikawafikiria mapacha wake. Yusufu akaniletea maji. "Umefanya sawa, dada," akasema, lakini sauti yake ilikuwa ndogo.

Sasa hili ninalokuambia sijamwambia mtu mwingine. Wiki ileile, aliponiona ninazidi kunyong'onyea, Yusufu alinijia na wazo. Kwenye simu yangu nina jumbe zako nyingi za sauti, zile ndefu ulizokuwa unanitumia ukiwa njiani. Akasema siku hizi inawezekana kuzichukua na kutengeneza msaidizi anayeongea kama wewe, kwa sauti yako. Nikikwama namuuliza, ananijibu. Alisema kwa nia njema kabisa, ameinamisha kichwa.

Nilitoka nje, nikasimama kwenye ngazi, nikalia mpaka muuza misumari wa chini akaja kuniuliza kama kuna msiba mwingine. Nilitamani, Domi. Mungu anajua nilivyotamani. Kukusikia ukisema "Pepe" mara moja tu. Niliporudi ndani nikamwambia Yusufu hapana, na sikuwa na sababu ya kumpa.

Sababu ilikuja yenyewe Jumatatu iliyofuata, asubuhi.

Kwenye simu ya kazi uliingia ujumbe wa sauti kutoka namba ngeni. Juu yake picha ya Mzee Gervasi, ile ya kofia. Nikausikiliza, Yusufu akiwa pembeni. Sauti yake kabisa, ule ukwaruzo, kile kikohozi kidogo kabla ya kuanza. "Perpetua binti yangu, habari za asubuhi. Simu yangu imeharibika, sasa natumia hii. Badilisha namba kwenye matangazo yote, weka hii mpya, wateja watume malipo yao huku. Najua tulikorofishana, lakini fanya haraka, kuna malori yananisubiri."

Yusufu alimpa msaidizi namba ile, naye akabadilisha matangazo yote, safi, yamepangwa, yanasubiri tu mmoja wetu abonyeze. Yusufu akanitazama. "Dada, huyu mzee ameshakasirika. Tukimchelewesha ndiyo basi tena. Tubonyeze?"

Nilitaka kubonyeza. Nilijiambia labda ni njia yake ya kupatana. Lakini tulikuwa tumekubaliana tangu siku ile ya chungu kimoja kwamba namba ya mteja haibadilishwi kwa ujumbe, hata uje na sauti ya malaika, mpaka tumpigie kwa namba ile tuliyoijua tangu mwanzo. Nikapiga, nikiomba isiite, ili nimwambie Yusufu kweli imeharibika tuendelee.

Ikaita. Akapokea.

"Perpetua. Umeamua kusema?"

"Hapana, mzee. Nataka kujua kama umenitumia ujumbe wa sauti asubuhi hii."

"Mimi? Nipo hapa forodhani tangu jua harijatoka, sijatuma kitu kwa mtu."

Nikaweka simu ya kazi karibu, nikamsikilizisha ule ujumbe. Ulipoisha sikusikia kitu ila malori yakinguruma nyuma yake.

"Hiyo ni sauti yangu," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Rakini siyo mimi."

Yusufu akaruka kutoka kwenye kiti. Alikuwa anacheka. "Dada, rudia! Sikiliza! Imesema 'lakini'! Imesema 'malori'! Mzee huyu lini akasema 'malori'?" Tukarudia. Kweli, kila l ilikuwa imekaa mahali pake kama darasani. Waliiba sauti wakasahau ulimi. Lakini wala siyo sikio letu lililotuokoa, maana tuliligundua hilo baada ya kupiga simu. Siku nyingine l na r zitakuwa sawasawa, kwa hiyo tunaendelea kupiga simu.

Mzee Gervasi alikuja kabla ya saa saba. Safari hii alisimama mlangoni mpaka nikamkaribisha. Tulienda naye polisi kutoa taarifa. Mpaka leo hatujui ni nani, na tumeacha kumtafuta kwenye nyuso za watu tunaowajua, maana hiyo nayo ni sumu. Tuliporudi aliketi, kofia mapajani. Nilidhani atanishukuru, au ataniambia habari za mwisho wa mwezi. Akasema kitu ambacho sikukitegemea.

"Mwambieni na Zuhura. Sauti yake nayo iko kwenye simu za watu wengi. Mwambieni reo, msingoje kesho."

Domi, huyo ndiye aliyetaka tufungue mlango wa yule mama tumchungulie.

Nikampigia Mama Zuhura palepale, Mzee Gervasi akiwepo. Mama wa watu akasema, "Alhamdulillahi, na yeye mwambie pole sana." Nikampa mzee simu ili mama amwambie mwenyewe. Waliongea kama majirani.

Mzee Gervasi hakuhama. Habari ya Mwanza haijasemwa tena. Badala yake alikusanya mawakala wengine wa Rusumo kwenye ukumbi wa nyumba moja ya wageni, akaniita niwaeleze. Mimi, ambaye mdomo wangu umezoea mteja mmoja mmoja, na penye watu wengi nilikuwa nakusukuma wewe mbele! Niliwaambia kwa maneno ya kawaida: namna ya kushika funguo zenu wenyewe, kwa nini kijana anayewaandikia matangazo asipewe neno lenu la siri, kwa nini msimwamini anayewapigia kwa namba mpya hata mkimjua kwa sauti. Mzee mmoja akauliza kama basi mashine hizi ziachwe kabisa. Yusufu akamjibu kwamba hata gari linaua, na bado tumelipanda kuja hapa. Cha muhimu ni nani ameshika usukani. Wakacheka, na wengine wakatuomba tuwahudumie.

Na tangazo la Mama Zuhura lilitoka siku aliyoitaka yeye, hakuna aliyelijua kabla. Mzee Gervasi alilisoma kwenye simu yake, akanipigia. Nikajiandaa. Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe ndicho hiki kirichokuwa kinafichwa! Huyu mama ana akiri." Sasa na yeye anafikiria jambo lake. Amenieleza. Hapana, hata wewe sikuambii.

Katika magunia ya kwanza yaliyovuka yalikuwemo maharage ya kutoka Murukulazo, na kati ya hayo, maharage ya mama yako. Nilikuwepo Rusumo siku hiyo. Niliona gunia lenye jina lake limeandikwa kwa wino, likapandishwa juu ya lori, likavuka mto. Nilisimama hapo kama mjinga, dereva akanipigia honi nipishe.

Kuhusu sauti yako, sasa sababu ninayo. Nimesikia mtu akisemeshwa maneno ambayo hakuyasema, na nimesikia anavyonyamaza akiisikia sauti yake mwenyewe. Zile jumbe zako ninazo. Nikikukumbuka sana nasikiliza moja, ile unayolalamikia bei ya rangi na mbwa wanabweka nyuma yako. Ni wewe, na maneno yale uliyasema mwenyewe. Yanatosha. Nikikwama kazini najiuliza ungesema nini, nakisia, wakati mwingine nakosea, na kosa linakuwa langu.

Mwezi ujao Yusufu anafungua tawi Biharamulo, chumba kimoja karibu na soko. Mke wake ndiye atakayepokea wateja. Akina mama wa Nemba wamesema watakuwa wa kwanza kuingia, na wataleta asali ya kuonja ili mlango ufunguke vizuri.

Jambo la mwisho, halafu nikuache. Tangu uondoke mama yako alikuwa akienda kanisani, anaketi benchi la nyuma, hafungui mdomo hata kwenye wimbo anaoujua tangu utotoni. Jumapili iliyopita nilikwenda Murukulazo, nikamkuta amerudi benchi la mbele. Wimbo wa kutoa sadaka ulipoanza, aliimba. Sauti ilikuwa imekauka, ikakatika katikati, akameza mate, akaendelea mpaka mwisho. Wanawake wa jumuiya hawakugeuka kumtazama. Waliongeza sauti kidogo tu, wakamfunika, ili asijisikie yuko peke yake.

Kesho nitapanda bodaboda ya mapema. Nakuahidi, Domi: nitaketi karibu naye kesho, na Jumapili nyingine nitakazojaliwa, na nitaimba, ingawa unajua ninavyoimba. Wewe pumzika huko uliko. Sisi huku tumeamka.

Rafiki yako,
Pepe